Kamari, kura na hatari za kila siku: hesabu ambayo nyumba zetu zimewaachia wengine



Atokaye Vwawa akielekea mpakani Tunduma hupita Ihanda, kata ya Wilaya ya Mbozi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kwa asili hii ni nchi ya Wanyiha, watu wa mahindi, maharage na kahawa. Tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Barabara imeleta mengi yenye heri, na imeleta pia yale yaletwayo na barabara kuu popote pale: malori ya usiku, bodaboda zisizo na idadi, na katika miaka ya karibuni vibanda vya kubashiri mpira pamoja na zile mashine za sarafu ambazo vijana wetu huziita dubwi.

Katika wilaya hiyohiyo, kwenye kilima cha Marengi, kimelala kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka mbinguni zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Hata hivyo hakuna mama wa Mbozi amkatazaye mwanawe kucheza uani kwa kuhofia kimondo cha pili. Moyo wake umekwisha kupiga hesabu bila kalamu: jambo hilo laweza kutokea, lakini ni la nadra mno, na kulihofia ni kupoteza usingizi bure. Mama huyohuyo, asubuhi, humpakia mwanawe juu ya tangi la pikipiki, kichwa wazi, abiria wengine wawili nyuma, akamwambia dereva awahi shule. Hapo moyo umekosea hesabu.

Elimu inayotufundisha kuitengeneza hesabu hiyo huitwa hisabati ya uwezekano, na wengine huiita uyamkini. Watoto wetu huikuta rasmi katika kidato cha nne, mara nyingi wakiwa wamechoka na wanaikimbilia mitihani. Vitabu vyake vimejaa dadu, karata na sarafu zinazorushwa, na wapo wazazi wa Kiislamu ambao kwa sababu hiyo huitazama kwa jicho la shaka, wakaona ni mlango wa kamari. Shaka hiyo ina asili ya kweli, kwani michezo ya bahati imo katika ukoo wa elimu hii. Lakini aijuaye vyema hesabu ya kamari ndiye mtu wa mwisho kuicheza, na ambaye haijui ndiye chakula cha makampuni.

Tazama hata maneno yetu. Kamari ni qimar ya Kiarabu. Nasibu ni fungu, yaani sehemu aliyopangiwa mtu. Hatari nayo, katika Kiarabu cha kale, mbali na maana ya jambo la kuogofya, ilitumika pia kwa kitu kile wapinzani wanachokiweka katikati ili mshindi akichukue. Lugha ilijua tangu zamani kwamba hofu na dau hukaa nyumba moja.

Hutajwa sana kwamba elimu hii ilizaliwa Ufaransa mwaka 1654, pale Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua kuhusu michezo ya dadu na namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Hadithi hiyo ni ya kweli, na ina funzo zuri. Mcheza kamari mmoja wa zama zile alijua kwamba kuirusha dadu mara nne akitarajia sita itokee walau mara moja kuna faida: uwezekano wake ni takriban asilimia 51.8. Akadhani basi kwamba kurusha dadu mbili mara 24 akitarajia sita mbili kwa pamoja kutakuwa na faida ileile. Kumbe ni asilimia 49.1. Tofauti ni ndogo, lakini ukiirudia usiku baada ya usiku inatosha kumfilisi mtu.

Kabla ya hapo, hata hivyo, wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuandaa zana. Al-Khalil bin Ahmad, mwanalugha wa Basra ambaye asili yake ni Oman, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alipokusudia kuandika kamusi ya Kiarabu alianza kwa kuhesabu mizizi yote inayowezekana kutokana na herufi 28 pasipo kurudia herufi. Mizizi ya herufi mbili ni 28 mara 27, yaani 756. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya nne ni 491,400, na ya tano ni 11,793,600. Kuhesabu yote yawezayo kutokea kabla ya kuuliza ni lipi litatokea ndiyo hatua ya kwanza ya uwezekano. Karne moja baadaye al-Kindi akaonesha namna ya kuyafumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi ipi hujitokeza mara nyingi zaidi. Hawa hawakukaa kwenye meza ya kamari, walikuwa wakiitumikia lugha.

Turudi kwenye kamari yenyewe, maana ndiyo iliyo mlangoni kwetu. Maisir iliyotajwa katika Qur'ani tukufu, Suratul Baqarah aya ya 219 na Suratul Maida aya ya 90 na 91, ilikuwa mchezo maalumu wa Waarabu wa zama za ujahili. Wafasiri husimulia kwamba walimchinja ngamia wakagawa nyama mafungu, kisha wakatia mishale kumi ndani ya mfuko. Saba ilikuwa na alama, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, hivyo hadi wa saba mafungu saba. Mitatu ilikuwa mitupu. Mshale wa kwanza utakaochomolewa una uwezekano wa 3 kwa 10 kuwa mtupu, na wa 1 kwa 10 tu kuwa ule wa mafungu saba. Aliyeangukiwa na mtupu hakupata nyama, na juu ya hayo alishiriki kulipa bei ya ngamia.

Jambo ambalo wengi hatulikumbuki ni kwamba washindi, kwa mujibu wa wafasiri haohao, waliona fahari kuwagawia maskini ile nyama. Kwa hiyo mchezo ulikuwa na sadaka ndani yake! Aya ya Baqarah haikukana hilo. Ilikubali kwamba humo mna manufaa kwa watu, ikaeleza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Leo tunapoambiwa kwamba kampuni za kubashiri hulipa kodi, huvalisha timu jezi na huajiri vijana, tunaambiwa jambo la kweli, ila si jipya. Kipimo cha kulipima kilikwisha kutolewa, nacho ni cha mizani: upande huu manufaa, upande ule madhara, kisha tazama upi unazama.

Basi tupime. Chukua mechi ambayo pande mbili zinalingana kabisa, na tuseme kampuni inalipa odi ya 1.85 kwa kila upande. Kama malipo yangekuwa ya haki, odi ingekuwa 2.00, maana uwezekano ni nusu kwa nusu. Ukiweka shilingi 1,000 mara nyingi sana, kwa wastani utarudishiwa shilingi 925. Zile 75 ni ada ya kampuni, ambayo haijaandikwa popote kwenye karatasi. Mtu atasema ni ndogo.

Lakini kijana wa Ihanda haweki mechi moja. Huandaa mkeka wa mechi kumi, kwa kuwa odi za kumi zikizidishwa pamoja zinavutia: 1.85 ikijizidisha mara kumi inakaribia 470. Shilingi 1,000 igeuke 470,000, bei ya mbuzi kadhaa! Asichokiona ni kwamba ile ada nayo imejizidisha mara kumi. Uwezekano wa kupatia mechi kumi za nusu kwa nusu ni 1 kwa 1,024. Wakusanye vijana 1,024, kila mmoja na mkeka wake wa shilingi 1,000 na ubashiri wake tofauti. Zimepatikana shilingi 1,024,000. Kijana mmoja anaondoka na 470,000 hivi, kabla ya kodi, na picha yake inabandikwa ukutani. Kampuni inabaki na 554,000. Vijana 1,023 wamechaniwa mikeka na hakuna awapigaye picha.

Ada ya senti saba na nusu kwa kila shilingi imekuwa zaidi ya nusu ya fedha zote, na hakuna aliyedanganya wala kuhonga mwamuzi. Ni kuzidisha tu. Na zile jackpoti za mechi 13, zenye matokeo matatu kila moja, kushinda, kushindwa na sare, zina njia 1,594,323 za kujazwa. Anayejaza ovyo ananunua njia moja kati ya hizo. Ajuaye mpira anapunguza idadi hiyo kiasi, nakiri, lakini anayepanga odi anaujua mpira kuliko yeye na ana tarakilishi ya kumsaidia.

Kuna la ndani zaidi katika hesabu hii, nalo ndilo linaloshika roho za vijana wetu. Katika wale 1,024, vijana kumi wamepatia mechi tisa na kukosa moja. Kwa kila mshindi mmoja kuna kumi waliokosa kidogo, na hao ndio wanaozungumza kijiweni. "Timu moja tu imenichania!" Husema hivyo kwa uchungu wa mtu aliyeporwa mali yake, ilhali hakuwa nayo. Wenzake humsikia, nao huona kwamba ushindi uko karibu, kumbe kukosa kidogo ni jambo la kawaida mara kumi kuliko kupata. Wiki ifuatayo huongeza dau ili kurudisha kilichopotea. Na hapo, kwa aibu tunayoifahamu sote, huingia fedha ya mbolea, ya ada ya mtoto, ya kicoba cha mkewe.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya kusimamia michezo hiyo hapa Tanzania, inamkataza mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza. Uganda mwaka 2019 ilitangaza kutotoa tena leseni mpya za kubashiri michezo, na Kenya mwaka huohuo ikazinyima makampuni kadhaa leseni. Serikali hufanya yake. Lakini simu iko mfukoni mwa mtoto, na nani amkaguaye mtoto usiku isipokuwa mzazi?

Lipo kosa jingine la hesabu, nalo halina haja ya kibanda cha kamari ili litudhuru. Mashine ya dubwi imekula sarafu za watu ishirini mfululizo. Kijana huikimbilia akisema sasa imeshiba, lazima iteme. Hudhani bahati ina kumbukumbu. Sarafu ikirushwa mara tano ikalala kichwa mara zote tano, haijui kilichopita. Mara ya sita ni nusu kwa nusu vilevile.

Tunamcheka kijana wa dubwi, kisha tunarudi nyumbani na kusema maneno yaleyale juu ya watoto. Mtu amejaaliwa mabinti watano, akaambiwa na wazee kwamba wa sita hana budi kuwa mvulana. Akizaliwa binti wa sita, lawama humwangukia mkewe. Qur'ani imetuambia katika Suratu Shuura kwamba Allah (S.W.) humpa amtakaye wanawake na humpa amtakaye wanaume. Wataalamu nao wametueleza kwamba mbegu ya baba ndiyo ibebayo alama ya jinsi ya mtoto. Kwa hesabu, katika kila familia 32 zenye watoto watano, tutarajie moja kuwa na mabinti watupu. Hakuna laana wala kijicho ndani yake. Ni familia moja kati ya 32, na katika kata yoyote zitakuwapo kadhaa.

Na hapa nalifikia jambo lililonifanya niichague mada hii, maana linagusa uhai. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Nyanda za juu kama Mbozi hazikuwa na malaria nyingi kama pwani au ukanda wa ziwa, na chembe ya urithi ya selimundu huenea zaidi penye malaria. Lakini Tunduma na barabara yake ni mahali pa watu wa kila upande. Wanaoana na kuzaa hapa.

Mtu mwenye chembe moja ya selimundu na moja ya kawaida haugui. Hulima, hucheza mpira, huzeeka, na huenda asijue kamwe. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa mtoto mgonjwa, 2 kwa 4 wa mtoto aliyebeba kama wazazi wake, na 1 kwa 4 wa mtoto asiye na chembe hiyo kabisa. Wakiambiwa hivyo hospitalini, wazazi wengi huelewa kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa salama, kana kwamba zamu imekwisha. Ni kosa lilelile la dubwi, ila safari hii anayelipa ni mtoto, kwa maumivu ya mifupa na kwa kuongezewa damu. Kila mimba huanza upya.

Fikiria wanandoa 100 wa hali hiyo, kila mmoja na watoto wanne. Takriban 32 hawatakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja. Wapatao 42 watakuwa na mmoja, 21 watakuwa na wawili, na watano hivi watakuwa na watatu au wote wanne. Wale 32 watasema ugonjwa huo ni uzushi. Wale watano watasema wamerogwa. Wote wamepitia hesabu moja. Na katika hao watano, mara ngapi mama amerudishwa kwao kwa sababu "kizazi chake kina balaa"? Mtoto hapati selimundu mpaka achukue chembe moja kwa mama na nyingine kwa baba. Anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amemdhulumu, na akioa mwingine bila kupima anarudi palepale.

Kinga yenyewe ni nyepesi kushinda vikao vya usuluhishi. Kipo kipimo cha damu kinachoonesha kama mtu amebeba chembe hiyo. Mmoja wa wachumba asipokuwa nayo, mtoto hatazaliwa na ugonjwa huo kwa kurithi chembe mbili za selimundu, hata kama mwenzake anayo. Mawalii na masheikh wanaofungisha ndoa wana nafasi ya pekee ya kulitaja hili mapema, kabla mahari haijafika, maana baada ya hapo hakuna anayesikia. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa nao anazo dawa, ikiwemo haidroksiurea, ambazo zimewapunguzia wengi maumivu na kuwarefushia maisha.

Wapo ndugu zetu wenye ikhlasi watakaosema kwamba mazungumzo haya yanagongana na imani ya qadar: lililoandikwa limeandikwa, hesabu ya nini? Swali hili ni la zamani. Sayyidna Umar (R.A.), mnamo mwaka wa 18 Hijria, alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh. Hapo akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akataka ushauri, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida bin al-Jarrah (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kwamba anatoka katika qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah, akapiga mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu: popote alishapo, hutoka katika qadar? Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kutoingia penye tauni na kutotoka humo kwa kuikimbia.

Umar hakujua ni nani angepatwa na tauni Sham. Alijua tu kwamba kuingia kunaongeza hatari na kurudi kunaipunguza. Uwezekano hupima kiasi cha ujuzi wetu sisi waja. Elimu ya Allah haina asilimia. Yule mtu aliyetajwa katika hadithi ya Tirmidhi, aliyeuliza amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliagizwa amfunge kwanza. Kumfunga hakuondoi uwezekano wa kuibwa, kunaupunguza.

Kofia ya pikipiki ndiyo kamba ya ngamia wa leo. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalikadiria kwamba kofia hupunguza kifo cha mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69. Mtu hujibu: mbona nimepanda miaka yote na sijaanguka? Hesabu ya jambo linalorudiwa humjibu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba safari moja ina hatari ya 1 kwa 10,000. Ni ndogo mno, hakuna aihofiaye. Lakini safari mbili kwa siku, siku 300, ni safari 600. Kwa mwaka hatari imekuwa asilimia 6 hivi; kwa miaka kumi imefika asilimia 45. Kila safari peke yake ilikuwa salama karibu kabisa. Wanaoteremka Senjele kila wiki na malori yao wanajua jambo hili bila kufundishwa.

Nisiache kuligusa shamba. Kahawa ya Mbozi huchanua mvua zinapoanza na huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Katikati hapo huwa kipindi kigumu, chakula kimepungua na ada za shule zinadaiwa, na ndipo hupita mwenye fedha akinunua kahawa ingali maua. Kule Kagera mtindo huo unajulikana kwa jina la butura. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa, na katika riwaya akauliza: iwapo Allah atayazuia matunda hayo, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani?

Tufanye hesabu ya mfano. Mnunuzi anatoa 2,500 kwa kilo sasa. Wakati wa mavuno, tuseme katika misimu mitano, mmoja bei huwa 3,000, mitatu huwa 5,000, na mmoja huwa 7,000. Wastani ni 5,000. Aliyeuza maua amepokea nusu ya wastani, na hata katika msimu mbaya kabisa angepata zaidi ya alichopewa. Mnunuzi hujitetea kwamba yeye ndiye abebaye hatari ya chulebuni na ukame. Soma makubaliano yao! Kahawa isipotosha, mkulima hudaiwa kilo hizo msimu ujao, mara nyingi na nyongeza. Hatari imebaki kwa mkulima, faida imehamia kwa mwingine. Hii ni tofauti na salam ambayo sheria imeiruhusu, yenye malipo kamili kwanza, kipimo, sifa na muda vinavyojulikana, na isiyofungwa kwenye mti fulani wa shamba fulani; mwenye kutaka kuifanya akae na sheikh amfafanulie. Ama chulebuni yenyewe, miche chotara iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa TaCRI, wenye kituo chao Mbimba hapohapo Mbozi, hustahimili ugonjwa huo. Kuipanda ni kuibadili hatari badala ya kuiuza kwa bei ya hasara.

Swali linalobaki ni namna ya kuwafundisha watoto bila kuwaonjesha kamari. Sheria yetu imeacha nafasi: kura. Qur'ani imetaja kura iliyomwangukia Nabii Yunus (A.S.) jahazini, na ile ya waliogombea ulezi wa Bibi Maryam. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri. Kura haimnyang'anyi mtu alichonacho, hakuna dau katikati. Inaondoa kinyongo pale ambapo haki za watu ni sawa. Ndugu wanaogawana mashamba ya urithi yanayolingana, watoto wanaogombea nani achunge leo, wote waweza kupiga kura na kujifunza humo. Dadu naiacha kwa makusudi, kwa sababu ya hadithi zilizokataza nardi na kwa khitilafu ya wanazuoni hata pasipokuwa na dau.

Chukua bakuli mbili. Kila moja itie punje mbili za maharage, moja nyekundu na moja nyeupe. Bakuli moja ni baba, ya pili ni mama, na punje nyekundu ni chembe ya selimundu. Mtoto afumbe macho, achomoe punje moja huku na moja kule, mkubwa wake aandike, kisha punje zirudishwe na bakuli zitikiswe. Wafanye hivyo mara 40. Nyekundu mbili kwa pamoja zitatokea karibu mara kumi; ikiwa saba au kumi na tatu, wasishangae, warudie tena. Wakisha hapo, watafute ndani ya orodha yao mahali ambapo nyekundu mbili zimefuatana mara mbili mfululizo. Huenda zipo, na mtoto ataanza mwenyewe kuuliza kwa nini, maana alitarajia zipishane kwa zamu. Zoezi lote huchukua muda ulio kati ya Maghrib na Isha, na maharage hurudi jikoni.